Bakteria wa mbegu wanaoukinga mpunga dhidi ya kuvu: uwatafute wapi, uwapime vipi, umchague yupi

Anayetafuta bakteria wa kuukinga mpunga dhidi ya magonjwa ya kuvu hakosi pa kuanzia. Kinachomsumbua ni kwamba njia ni nyingi, na kila njia humfikisha kwa bakteria tofauti. Ukichota udongo utapata kundi moja, ukikoboa mbegu utapata jingine. Ukipima kwenye sahani ya agari (jeli ya kuoteshea vijidudu) atashinda huyu, ukipima kwenye miche atashinda yule. Kwa hiyo, kabla ya kuwalinganisha bakteria wenyewe, inafaa kulinganisha njia, maana njia ndiyo inayoamua nani aonekane na nani aachwe.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa maabara yenye uwezo wa kawaida, ningeanza na mbegu za mimea iliyobaki mizima katikati ya shamba lenye ugonjwa, ningewahisha bakteria wengi kwenye miche, na nisingekubali sahani peke yake imwondoe yeyote kwenye orodha.

Unapambana na kuvu ipi?

Swali hili hurukwa mara nyingi, na likirukwa kila kitu kinachofuata huyumba.

Blasti, inayoletwa na *Magnaporthe oryzae* (siku hizi huitwa pia *Pyricularia oryzae*), ndiyo yenye jina kubwa. Spora yake (chembe ya uzazi) ikitua kwenye jani lenye unyevu huota, kisha hujenga kivimbe chenye ukuta mweusi wa melanini kiitwacho apresoriamu. Ndani ya kivimbe hicho shinikizo hupanda hadi megapaskali 8, zaidi ya mara 30 ya upepo ulio ndani ya tairi la gari dogo, na kwa nguvu hiyo kuvu hutoboa ngozi ya jani. Kwa mtafutaji wa bakteria, habari hii ina uzito: bakteria halazimiki kuiua kuvu. Akizuia tu kivimbe kisikomae, jani limenusurika.

*Fusarium fujikuroi*, kuvu ya bakanae, ni adui wa namna nyingine. Huambukiza mpunga unapochanua, hukaa kwenye punje, husafiri nayo hadi kitaluni, na mche ulioambukizwa hurefuka kupita kiasi, hupauka, kisha mara nyingi hufa. Mwaka 1926 Eiichi Kurosawa alionyesha kwamba majimaji yaliyochujwa kutoka kwenye kuvu hiyo, bila kuvu yenyewe, hurefusha miche. Huko ndiko ulikoanza ujuzi wetu wa jiberelini, homoni ya mimea.

Madoa ya kahawia ya *Bipolaris oryzae* nayo husafiri kwa mbegu na hustawi zaidi penye udongo uliochoka. Ugonjwa wa ala za majani unaoletwa na *Rhizoctonia solani* ni habari tofauti kabisa. Kuvu hii hukaa udongoni kama vidonge vigumu vidogo, huelea maji yanapoingia shambani, na hushika shina pale usawa wa maji unapogusana na mmea, mara nyingi mpunga ukiwa umeshakua.

Kwa anayetafuta bakteria wa mbegu, ningepanga hivi: bakanae na madoa ya kahawia kwanza, blasti baadaye, ugonjwa wa ala mwisho. Kwenye magonjwa mawili ya kwanza adui na mlinzi hukutana kwenye punje ileile, siku zilezile za kuota, na jaribio huisha ndani ya wiki chache. Kwenye blasti ya majani mlinzi ana mawili: aupande mmea pamoja na ukuaji wake, au auamshe ujilinde wenyewe. Yote mawili yanawezekana, ila majibu yake huchelewa na huwa magumu kusomeka. Ugonjwa wa ala huja wakati bakteria aliyepakwa kwenye mbegu ameshapitia miezi ya ushindani, na wengi hawafiki huko.

Mbegu au udongo wa mizizi

Udongo unaoshikana na mizizi una bakteria wengi mno. Ukitaka wingi na aina nyingi za viuavijasumu, hapo ndipo pake. Bakteria wa jenasi *Streptomyces*, wakazi wa udongo, ndio waliotoa blasticidini S na kasugamisini, dawa zilizotumika dhidi ya blasti nchini Japani, na validamisini inayotumika dhidi ya ugonjwa wa ala. *Pseudomonas chlororaphis* EA105, aliyepatikana kwenye mizizi ya mpunga huko California na kuelezwa mwaka 2014, huizuia kuvu ya blasti isikue, huzuia apresoriamu isijengeke, na zaidi ya hapo huuamsha mmea wenyewe. Hakuna sababu ya kuudharau udongo.

Lakini mbegu ina jambo ambalo udongo hauna: imeshafanya mchujo. Bakteria unayemkuta ndani ya punje kavu amevumilia ukame wa kuhifadhiwa, ameishi na mmea bila kuudhuru waziwazi, na amefika pale ambapo mche unaanza maisha. Mbegu ikiota, yeye yupo kabla ya mgeni yeyote wa udongoni. Anayetangulia kushika nafasi na chakula huwa mgumu kuondolewa, na hilo ni kweli kwa bakteria kama ilivyo kwa kuvu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kuhusu *Sphingomonas melonis* unaonyesha vizuri nguvu hiyo. Mimea ya aina moja ya mpunga, katika mazingira yenye ugonjwa, ilitofautiana: mingine iliugua, mingine ilibaki mizima. Tofauti ilifuatwa hadi kwenye bakteria huyo aliyekuwa amejikusanya kwenye mbegu za mimea mizima na kurithishwa kizazi hadi kizazi. Silaha yake ni asidi ya anthraniliki, ambayo haimuui adui bali huvuruga uwezo wake wa kushambulia. Adui katika utafiti huo alikuwa bakteria, *Burkholderia plantarii*, wala si kuvu, hivyo usiuchukue kama ushahidi wa moja kwa moja kwa blasti au bakanae. Uchukue kama mwongozo wa pa kutafuta: mimea mizima palipo na ugonjwa, na ndani ya aina ileile ya mpunga, ili tofauti unayoiona isitokane na jeni za mmea.

Kwa sababu hiyohiyo sishauri kuanza na mbegu safi kutoka shamba lisilo na ugonjwa. Shamba kama hilo halikuambii nani alimlinda nani. Mpunga pori na mbegu za kienyeji zina thamani, hasa kwa anayetafuta aina ngeni, ila kama mbegu hizo zinatoka nchi nyingine, fuata taratibu za Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya kimataifa kuhusu matumizi ya rasilimali za kijenetiki yaliyoanza kutumika mwaka 2014, kabla hata ya kufungua mfuko. Mbegu zilizokaa miaka mingi kwenye hifadhi ya baridi nazo hupoteza wakazi wake polepole. Wanaobaki wengi ni wale wenye spora (kwa bakteria, hali ngumu ya kujikinga na ukame), na ukizitegemea hizo peke yake utadhani mbegu za mpunga zimejaa *Bacillus* tu.

Kuwatoa walio ndani kweli

Hapa kuna chaguo dogo linalobadilisha matokeo yote: uoshe mbegu ikiwa na makapi yake au baada ya kuikoboa?

Kati ya kapi na punje kuna nafasi nyembamba, na humo hujificha bakteria wengi ambao dawa haiwafikii. Ukiosha mbegu nzima kwa ethanoli ya asilimia 70 kwa dakika moja, kisha kwa dawa ya klorini kwa dakika kadhaa, kisha kwa maji safi mara nyingi, bado utasaga pamoja wakazi wa ndani na wapangaji wa chini ya kapi. Ukikoboa kwanza kwa mkono, taratibu usijeruhi kiini, ndipo uoshe, utabaki zaidi na wale wa ndani. Hakuna jibu moja sahihi. Kama lengo ni sayansi ya nani hukaa ndani, koboa. Kama lengo ni bakteria wa kazi, acha baadhi na makapi, kwa sababu mpangaji wa chini ya kapi naye husafiri na mbegu hadi kitaluni.

Maji ya mwisho ya kuoshea yamwagie kwenye sahani, na punje chache zilizooshwa zibiringishe juu ya agari nyingine. Chochote kikiota, usafi haukukamilika. Hata sahani zikibaki tupu, usishangilie mno: spora za *Bacillus* huvumilia klorini vizuri, zinaweza kubaki zimegandamana na punje, na baadaye ukawahesabu kama wakazi wa ndani. Kisha saga punje, punguza makali kwa maji yenye chumvi kidogo, panda kwenye zaidi ya agari moja. Agari nono huwapendelea wenye kukua haraka. Agari maskini kama R2A, ikiachwa wiki nzima hata mbili kwenye nyuzi 28, huwatoa akina *Sphingomonas*, *Methylobacterium* na *Curtobacterium*, ambao kwenye agari nono hufunikwa kabla hawajaonekana. Vumilia hizo siku. Wanaotupa sahani siku ya tatu hutupa wakazi wengi wa mbegu bila kujua.

Sahani, miche, au DNA

Hiki ndicho kiini cha uchaguzi wote, na ndipo kazi nyingi huharibikia.

| | Sahani ya kuvu na bakteria | Miche iliyoambukizwa | Usomaji wa DNA ya mbegu |
|---|---|---|---|
| Muda | siku chache hadi wiki mbili | wiki mbili hadi tano | hutegemea mashine na mchambuzi |
| Huonyesha | nani hutoa kitu kinachozuia kuvu | nani huulinda mmea | nani yupo, na wapi ni wengi |
| Huficha | wanaouamsha mmea, wanaowania nafasi | njia ya ulinzi | nani yuko hai, nani anafanya kazi |
| Inafaa | kupanga na kueleza | kuamua | kuelekeza pa kutafuta |

Sahani inavutia kwa sababu jibu lake linaonekana kwa macho. Kipande cha kuvu katikati, bakteria pembeni, na baada ya siku chache kuna ukanda mtupu kati yao au hakuna. Unapima, unatoa asilimia, unapanga washindi. Kwa bakteria mia moja ni kazi ya mtu mmoja.

Tatizo ni kile ambacho sahani inauliza. Agari ya viazi na sukari, inayotumika karibu kila mahali, ni tajiri kuliko uso wa punje au jani. Bakteria aliyeshiba sukari hutoa viuavijasumu ambavyo huenda asivitoe kamwe kwenye mmea. Mwingine hubadilisha tu uchachu wa agari, kuvu ikakwama, na ukanda ukaonekana kama wa dawa. Mwingine huwahi kumaliza chakula. Njia ya kuwatenganisha si ngumu: rudia jaribio kwenye agari iliyopunguzwa virutubisho na iliyodhibitiwa uchachu, uone nani bado anasimama.

Kuna pia suala la mwendo. *Rhizoctonia solani* hujaza sahani ya sentimita 9 kwa siku mbili au tatu, lakini kuvu ya blasti huchukua zaidi ya wiki. Ukiwaweka bakteria siku moja na kuvu katika majaribio yote mawili, bakteria yuleyule ataonekana dhaifu mbele ya ya kwanza na shujaa mbele ya ya pili, ilhali tofauti ni ya saa tu. Kwa *Rhizoctonia* mpe bakteria siku moja ya kutangulia. Kwa blasti itangulize kuvu. Na asilimia za kuvu mbili tofauti usizilinganishe kamwe kwenye safu moja ya jedwali.

Hasara kubwa kuliko zote ni wale ambao sahani haiwaoni. Mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba *Pseudomonas fluorescens* WCS374r huukinga mpunga dhidi ya blasti kwa kuuamsha ujiandae, na kichocheo ni pseudobaktini, kemikali anayoitoa kunasa madini ya chuma. Ulinzi wa namna hiyo hufanyika ndani ya mmea, na sahani haina mmea. Ukimtathmini bakteria wa aina hii kwa upana wa ukanda mtupu, unaweza kumtupa siku ya kwanza.

Miche huuliza swali lenyewe: je, mmea umepona? Kwa bakanae, chovya mbegu kwenye spora, takriban 100,000 hadi milioni moja kwa mililita, kisha kwenye bakteria, au anza na mbegu zilizoambukizwa shambani, jambo ambalo naliona bora zaidi kwa kuwa kuvu imeshaingia kama inavyoingia kwa kawaida. Kwa blasti, panda mbegu zilizopakwa bakteria, subiri majani matatu au manne, pulizia spora, funika gizani penye unyevu mzito kwa saa 24, soma madoa baada ya siku sita au saba.

Majaribio ya miche yana mitego yake, na miwili naitaja kwa sababu hupotosha bila mtu kushtuka. Wa kwanza ni nitrojeni. Mpunga ulioshiba nitrojeni huugua blasti zaidi, hivyo sufuria zikipishana mbolea kidogo tu, utalisifu au kulilaumu bakteria lisilohusika. Wa pili ni urefu. Bakteria wengi wa mbegu hutoa homoni za ukuaji, jiberelini ikiwemo. Ukipima bakanae kwa urefu wa miche peke yake, bakteria anayekuza vizuri atasomeka kama anayeongeza ugonjwa. Hesabu miche iliyopauka na iliyokufa, kata shina chini, jaribu kuiotesha tena kuvu kutoka humo. Urefu uwe kipimo cha pembeni.

Weka pia sufuria za kulinganishia zisizo na ubahili: mbegu zisizo na chochote, mbegu zenye kuvu tu, mbegu zilizochovywa kwenye mchuzi wa kuoteshea usio na bakteria, na mbegu zilizopakwa bakteria waliouawa kwa joto. Hiyo ya mwisho huachwa sana, na bila yake hutajua kama mmea umelindwa na kiumbe hai au umeshtushwa tu na mabaki yake.

DNA ina mahali pake, ila si pa kuamulia. Inakuonyesha, kwa mfano, kwamba kundi fulani ni wengi kwenye mbegu za mimea mizima na wachache kwenye za mimea iliyougua. Hiyo ni dalili njema ya pa kutafuta. Lakini DNA ya bakteria waliokufa husomwa pamoja na ya walio hai, na jeni ya 16S inayotumika kuwatambua hufanana na ile iliyo kwenye kloroplasti na mitokondria za mpunga wenyewe. Usipochagua vianzishi (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia usomaji) vinavyoepuka hayo, sehemu kubwa ya fedha zako italipia kusoma mpunga. Kama bajeti inaruhusu jambo moja tu kati ya DNA na chumba cha miche, jenga chumba cha miche.

Mpangilio ninaoutetea ni huu: sahani kwa wote, ila kama kumbukumbu na si kama ungo, kisha waende kwenye miche washindi wa sahani pamoja na idadi inayolingana ya waliokaa kimya, waliochaguliwa kutoka jenasi tofauti. Nafasi ikiwa ni ya bakteria 20, basi 10 wawe wenye ukanda na 10 wasio nao.

Bacillus, Pseudomonas, na wale wakimya

Wengi huishia kwa *Bacillus*, na wana sababu. Chukua *B. velezensis* FZB42, ambaye jenomu yake (DNA yake yote) ilisomwa mwaka 2007: zaidi ya asilimia 8 yake imetengwa kwa kutengeneza viuavijasumu na kemikali za aina hiyo, zikiwemo surfaktini, fenjisini na basilomisini D. Fenjisini na basilomisini hutoboa utando wa seli za kuvu. Lakini kinachompa *Bacillus* ushindi sokoni ni spora. Hukauka, huwekwa kwenye unga, hukaa rafuni muda mrefu, na hupakwa kwenye mbegu bila friji. Udhaifu wake ni kwamba spora huchelewa kuamka, na kwenye mzizi unaokua haraka mara nyingi huachwa nyuma.

*Pseudomonas* ni kinyume chake. Huamka upesi, hushika mizizi kwa kasi, hunasa chuma, hutoa viuavijasumu viitwavyo fenazini, na wengi huuamsha mmea. Hawana spora, hivyo kukausha huwaua kwa wingi. Wapo waliotumika kwa mafanikio kwenye mbegu: *P. chlororaphis* MA342 alianza kuuzwa Uswidi miaka ya 1990 kwa ajili ya shayiri. Ila usafirishaji na uhifadhi wao hudai uangalifu ambao si kila mahali upo. Kama mbegu itapakwa na kupandwa ndani ya siku chache na eneo la kuhifadhia ni baridi, *Pseudomonas* anastahili. Kama mbegu itapakwa leo na kupandwa msimu ujao, mwache.

*Pantoea*, *Sphingomonas*, *Methylobacterium*, *Microbacterium* na wenzao ndio wenyeji hasa wa punje ya mpunga, na ndio ninaowaonea uchungu zaidi, kwa sababu hukaguliwa kidogo. Wengi hawatoi ukanda kwenye sahani. Hata hivyo wamezoea kukauka ndani ya mbegu, jambo linaloweza kuziba pengo kati ya spora ya *Bacillus* na wepesi wa *Pseudomonas*. Wajaribu peke yao na wawili wawili pamoja, ukihakikisha hawauani.

Kabla hujampenda yeyote, mpime dhidi ya zaidi ya ugonjwa mmoja. Mwaka 2006 ilichapishwa kazi juu ya *Pseudomonas aeruginosa* 7NSK2: piosianini, kemikali ya rangi anayoitoa, iliupa mpunga kinga dhidi ya blasti, na wakati huohuo ikauongezea udhaifu mbele ya *Rhizoctonia solani*. Sababu inaeleweka. Kinga iliyoamshwa hutumia mlipuko wa oksijeni kali unaoua seli za mmea zilizozunguka adui. Kuvu ya blasti inahitaji seli hai hatua za mwanzo, hivyo hukwama. *Rhizoctonia* hula seli zilizokufa, hivyo hufurahia. Bakteria aliyepimwa kwa blasti tu anaweza kumletea mkulima ugonjwa mwingine.

Wa kuwekwa kando hata wakishinda

Hili halina mjadala kwangu. Kundi la *Burkholderia cepacia* hupatikana sana kwenye mizizi na mbegu, hung'ara kwenye sahani, na baadhi yao ni hatari kwa wagonjwa wenye mapafu dhaifu. *Stenotrophomonas maltophilia*, na *P. aeruginosa* aliyetajwa juu, wamo kwenye orodha hiyohiyo. *Burkholderia glumae* huozesha masuke ya mpunga wenyewe, na baadhi ya *Pantoea ananatis* huuletea mpunga magonjwa. Kundi la *Bacillus cereus* hukaa kwenye mpunga kwa kawaida na husababisha sumu ya chakula kwenye wali uliokaa. Ukimsambaza kwa makusudi kwenye mbegu umefanya kosa lisilo na udhuru.

16S pekee haitoshi kukuhakikishia hayo. Haiwezi kumtenganisha *B. cereus* na ndugu zake wa karibu, wala kuwapanga vizuri akina *B. subtilis* na *B. velezensis*. Kwa wale watano au sita wa mwisho, soma jenomu nzima. Kabla ya hapo kuna vipimo vya bei nafuu vya kuchuja: kukua kwenye nyuzi 37, kuvunja damu kwenye agari ya damu, agari ya mayai na manitoli kwa kundi la *cereus*, na kuchoma sindano ya bakteria kwenye jani la tumbaku uone kama seli zinakufa usiku mmoja. Hakuna kipimo kimoja kati ya hivyo kinachohukumu, ila aliyeshindwa viwili au vitatu mwache aende.

Wa kupaka kila msimu, au mkazi wa mbegu?

Chaguo la mwisho linategemea kama bakteria wako hurudi. Tengeneza aina yake inayovumilia kiuavijasumu kiitwacho rifampisini, ili umtambue baadaye, ipake kwenye mbegu, kuza mpunga hadi mavuno, kisha saga punje mpya kwenye agari yenye rifampisini. Fanya hivyo pia kwa mizizi na majani katikati ya safari, ujue anapotelea wapi.

Asiporudi, bado anafaa, ila atapakwa upya kila msimu, na hapo uwezo wa kukaushwa na kuhifadhiwa unakuwa kigezo kikuu. *Bacillus* huwashinda karibu wote kwa hilo. Angalia pia kinachopakwa pamoja naye: dawa zenye shaba huua bakteria wengi. Na kama mbegu huoshwa kwa maji moto, kwa mfano nyuzi 60 kwa dakika 10 kama inavyofanywa Japani, mpake baada ya kuosha. Mbegu iliyotoka kwenye maji hayo imepoteza kuvu na wakazi wengi pamoja, na nafasi zao ziko wazi.

Akirudi, mpango hubadilika. Unaweza kumwingiza kwenye shamba la kuzalishia mbegu mara moja na kuacha mbegu zimbebe. Wakati wa kumwingiza huenda usiwe wa kupanda bali wa kuchanua: watafiti wa Austria walionyesha mwaka 2017 kwamba *Paraburkholderia phytofirmans* PsJN akipuliziwa kwenye maua ya mahindi, soya, pilipili na ngano huingia ndani ya mbegu zinazofuata. *F. fujikuroi* nayo hupitia mlango huohuo wa maua. Kwa mpunga, jaribio la kumpulizia mlinzi siku masuke yanapofunguka, kisha kuileta kuvu baada yake, linaweza kufanyika kwenye sufuria chache tu, na ndilo ningelipa kipaumbele kwa bakteria yeyote wa mbegu aliyevuka hatua zote za juu.